Kabla Hujapima Sketi ya Mtu

Leo nina maneno marefu kidogo, nivumilieni. Nataka niyaandike kabla ya kikao cha Jumapili, kwa sababu mimi kwenye kikao naanzaga kulia kabla sijamaliza sentensi, na mtu akilia watu wanasema huyo ameshindwa.

Kwa ambao hamjasikia: tunajiandaa kwa tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Wasichana sita wamechagua kucheza wimbo mmoja wa Sheebah Karungi. Wamefanya mazoezi wiki tatu. Wamechanga pesa zao wenyewe, wamenunua kaptura nyeusi na fulana kwenye mivumba pale Busia. Jumamosi mzee wetu mmoja wa kamati akaja, akatazama dakika mbili, akasema hapana. Wakitaka kucheza wavae vikwembe mpaka kwenye vifundo vya miguu, la sivyo wakae. Pembeni walikuwepo vijana wa kiume wanangoja zamu yao, suruali zimechanika magotini, mmoja boksa yake inaonekana nusu. Hao hawakuambiwa kitu. Mpaka leo wasichana wawili wamejitoa, na mama mmoja amesema binti yake hatarudi tena.

Huyo mzee simchukii. Tulipofika Tororo hatujui mtu, ndiye aliyetutafutia chumba cha kupanga, ndiye aliyetuonyesha soko. Na alichosema si upuuzi. Alisema: "Nawalinda. Hapa hatuna ukoo. Msichana wetu akipatwa na jambo, nani atamsimamia? Watasema wakimbizi hawana adabu." Nimelala na maneno hayo siku nne. Sasa nataka nimjibu kwa heshima.

Kwanza, kuhusu kulinda. Swali la nguo za waimbaji wanawake hapa Uganda si la kwenye simu tu, limeshafika mpaka mahakamani. Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria ya kupinga ponografia. Watu wakaipa jina lao, wakaiita sheria ya sketi fupi, kwa sababu waziri wa maadili wa wakati ule, Simon Lokodo, alishasema wanawake wanaovaa juu ya magoti wakamatwe. Ukisoma sheria yenyewe, hamna neno sketi. Lakini mtaani nani anasoma sheria? Siku chache tu, makundi ya wanaume yakaanza kuwavua wanawake nguo barabarani, wakisema wanatekeleza sheria. Wanawake wakaandamana Kampala mwezi huohuo.

Novemba mwaka huohuo msanii mdogo, Jemimah Kansiime, anayejiita Panadol wa Basajja, akakamatwa kwa sababu ya video ya wimbo wake. Alikaa ndani wiki tano kabla ya kupata dhamana, na kifungo kilichokuwa kinamngoja kinaweza kufika miaka 10. Video yake hamtaipenda wote, mimi pia siipendi sana. Lakini fikiria: wanaume waliomvua mtu nguo hadharani, wangapi walipelekwa jela? Na aliyejivua mwenyewe kidogo, mbele ya kamera, bila kumgusa mtu, ndiye aliyelala gerezani. Mpaka Agosti 2021 ndipo Mahakama ya Katiba ilipofuta vifungu muhimu vya sheria ile.

Sasa vuka mpaka. Sisi wa hapa tunavuka kila siku, tunajua ni hatua chache tu. Upande wa Kenya, Novemba hiyohiyo ya 2014, mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu Nairobi, eti amewajaribu. Video ikasambaa. Tarehe 17 wanawake wakajaa barabarani na kilio chao kilikuwa kimoja: nguo yangu, chaguo langu. Wengine walivaa sketi fupi, wengine walivaa buibui, wakatembea pamoja. Desemba, sheria ya Kenya ikaongezwa kifungu kipya: anayemvua mtu mwingine nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10.

Mnaona? Mwaka mmoja, mpaka mmoja. Huku miaka kumi ilikuwa inamngoja msichana aliyeimba. Kule miaka kumi inamngoja mwanaume aliyenyoosha mkono. Mzee, ukisema unatulinda, mimi nauliza: unamlinda nani na nani? Kama adui ni mkono, kwa nini kila siku tunaipima sketi na hakuna anayeupima mkono?

Pili, kuhusu utamaduni. Mzee alisema kaptura si mila yetu. Haya. Lakini jambo hili ni la zamani na kila mara linakuja na wimbo uleule. Tanzania, vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, wakapiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hapa Uganda Idi Amin alikataza sketi fupi mwaka 1972. Kwetu Kongo, enzi ya Mobutu, mwanamke hakuruhusiwa suruali wala wigi, avae kikwembe. Mobutu angalau aliwagusa na wanaume, aliwanyang'anya tai!

Na hicho kikwembe chenyewe tunachoambiwa ni mila, kimetoka wapi? Kitambaa cha aina ile kilianzia viwanda vya Uholanzi vilivyokuwa vinaiga batiki za Java. Gomesi, ambayo mama zetu wa Kisamia na Kisoga wanaivaa harusini na inawapendeza kweli, ina jina la fundi Mgoa, bwana Gomes, aliyeshona kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, zaidi ya miaka mia iliyopita. Sisemi tuviache. Mimi kikwembe nakipenda, navaa kanisani kila Jumapili. Nasema tu kwamba mila ni kitu ambacho watu walikichagua, wakakizoea, wakakipenda. Kama bibi zetu walichagua, mbona sisi tukichagua inakuwa uhuni?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Samahani kwa watakaoguswa, tuko wengi. Sisi tunatoka Kivu. Mama zetu na shangazi zetu waliofanyiwa ubaya kule walikuwa wamevaa nini? Walikuwa wamevaa vikwembe mpaka chini. Walikuwa wametoka shambani, mihogo kichwani, mtoto mgongoni. Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipopokea Nobel mwaka 2018 alisimulia habari za mtoto wa miezi 18 aliyeletwa kwake. Miezi kumi na minane! Alivaa nini mtoto yule? Kama nguo ndefu ingekuwa ngao, kwetu pasingekuwa na kilio. Sisi kuliko watu wengine wote ndio tunapaswa kujua hilo. Kwa hiyo mkimbizi akiniambia "vaa ndefu usipatwe na jambo", nasikia uchungu mara mbili, kwa sababu maana yake ni kwamba waliopatwa walikosea mahali fulani.

Ngoja sasa nigeuke, kwa sababu najua wenzangu wa upande wa pili mnapiga makofi, na ninyi pia nina neno kwenu.

Kuna wanaosema: mwanamke akivaa kidogo kwenye video, huo ndio uhuru, nukta. Hapana, taratibu. Angalieni video nyingi za hapa kwetu. Mwimbaji wa kiume amevaa koti, suruali, viatu, kofia, miwani. Wasichana wanane nyuma yake wamevaa karibu na hakuna. Kwani yeye peke yake ndiye anayesikia baridi? Dada mmoja ninayemjua alienda kucheza kwenye video ya msanii. Waliahidiana gauni, alipofika akapewa vipande viwili vya nguo, akaambiwa kama hutaki wako wengine wanangoja nje. Alivaa, kwa sababu alihitaji nauli ya kurudi. Akalipwa nusu ya walichoahidiana. Hiyo siyo chaguo langu. Hilo ni chaguo la meneja, limevalishwa mwili wa dada yetu.

Kwa hiyo mimi siulizi tena sketi ina urefu gani. Nauliza maswali matatu. Nani alichagua? Nani analipwa? Na je, angesema hapana, angebaki na kazi yake? Sheebah alianza kama mchezaji nyuma ya wengine, leo anasimama mbele na jina lake ndilo linalouza tiketi. Mtu anaweza asipende anavyovaa, lakini ni vigumu kusema kwamba anavalishwa. Yule dada yangu wa vipande viwili, hata angevalishwa kanzu, hakuwa huru.

Na uhuru hauendi upande mmoja tu wa kupunguza nguo. Someni habari za Zanzibar, kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyeenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Enzi za utumwa, mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kujifunika kichwa. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walinunua kanga, wakajifunika, wakavaa buibui, kutangaza kwamba sasa ni watu huru. Kwao kujifunika ndiko kulikuwa kusimama. Ndiyo maana dada yetu Msomali wa kwenye group hii akivaa hijabu yake asiambiwe ameonewa. Mwulizeni yeye. Maswali ni yaleyale matatu.

Na wanaosema wanawake hawa hawana la kusema zaidi ya kiuno: mnamkumbuka Tshala Muana wetu, mama wa mutuashi, aliyefariki Desemba 2022? Miaka yote watu walikisema kiuno chake. Lakini Novemba 2020, alipokamatwa na watu wa usalama Kinshasa, haikuwa kwa sababu ya kiuno. Ilikuwa kwa sababu ya maneno ya wimbo, walidhani anamsema mkubwa. Mwanamke jukwaani ana kiuno na ana mdomo, na wakati mwingine kelele nyingi juu ya kiuno ni njia ya kutousikia mdomo.

Sasa nimalizie na dhambi yangu, maana si vizuri kuwanyooshea wengine kidole tu. Mnajua Busia hapa ndipo jina la boda boda lilipozaliwa, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka mpaka mpaka. Miaka miwili iliyopita nilikuwa steji moja nangoja kuteremsha mzigo. Akapita msichana, sketi yake fupi, alitaka kupanda pikipiki akakaa kiume, miguu huku na huku. Wanaume wakaanza kupiga miluzi. Mmoja akashika upindo wa sketi, akavuta. Wengine wakacheka. Na mimi nikacheka. Wapendwa, nilicheka. Nilijiambia, angalau siyo mimi, mimi nimejifunga kikwembe. Yule msichana alinitazama mimi, si wale wanaume. Nafikiri alitegemea mwanamke mwenzake angesema neno.

Wiki chache baadaye, steji ileile, mkono ukanishika mimi. Nikiwa na kikwembe changu. Sikwenda kushtaki. Ningeanzia wapi? Karatasi zangu zilikuwa zinasubiri kuhuishwa, nikaogopa maswali. Hapo mzee ana haki: mkimbizi hana wa kumsimamia. Lakini dawa yake siyo kuongeza mita za kitambaa. Dawa ni tusimamiane.

Kwa hiyo Jumapili nitaleta mambo matatu. Moja, wasichana wacheze na walichochagua wenyewe, na atakayetaka kikwembe avae kikwembe, asichekwe. Mbili, kama kuna kanuni ya mavazi, iandikwe na iwe ya wote, wa kiume na wa kike, boksa na kaptura. Tatu, siku ya sherehe wazee na vijana wa kiume wa group wasimame kule nyuma kwenye umati, mahali mikono inapopotelea, na msichana yeyote asirudi nyumbani usiku peke yake. Mzee wangu, wewe ndiye ningependa usimame mbele ya hao. Hapo utakuwa umetulinda kweli.

Nikianza kulia kwenye kikao, msidhani nimeshindwa. Mtu mmoja aendelee kusoma hapa nilipoishia.