Usiishie Kuandika "Tashihisi"

Jana usiku stima zilipotea kwetu. Mdogo wangu wa Gredi ya 8 akanifuata na tochi ya simu nimsaidie kazi ya Kiswahili. Kwenye ufahamu kulikuwa na sentensi hii: "Njaa ilibisha hodi, ikaingia bila kungoja karibu, ikavuta kiti mezani." Swali: hii ni tamathali gani ya usemi? Akaandika "tashihisi" chap chap. Sawa, alama atapata.

Nikamuuliza, "Mbona mwandishi hakusema tu hawakuwa na chakula?"

Kimya. Halafu akasema polepole, "Juu mgeni akishakaa, huwezi jua ataondoka lini."

Walai sikuwa na la kusema. Mwaka ule mamangu aliachishwa kazi, mgeni huyo alikaa kwetu pia.

Maoni yangu ni haya: shuleni tunafunzwa kutambua tashihisi, kisha tunafungua ukurasa mwingine. Kutambua ni rahisi, kitu kisicho mtu kimepewa tendo au hisia za mtu, basi. Lakini kimepewa tendo gani, na kwa nini hilo? Njaa inayobisha hodi inakuja taratibu. Njaa inayovunja mlango ni stori nyingine kabisa.

Na hii haiishii kwa mtihani. Mafuriko ya 2024 yaliposomba nyumba Mathare, kuna waliosema mto umekasirika. Inasikika poa, lakini mto ukishapewa hasira, nani atauliza mitaro ilipaswa kuzibuliwa na nani? Ni kama tu tunavyosema bei zimegoma kushuka. Bei haina chama cha wafanyakazi, bana. Kuna mtu anaipanga.

Najua walimu wana madarasa yaliyojaa na silabasi ya kumaliza. Siwalaumu. Lakini "kwa nini hivi?" ni swali la dakika mbili, na hata sisi tulio nyumbani tunaweza kuliuliza. Mtoto akilizoea, atasoma hadithi akiihisi, na atasikiza habari akijua ni nani amefichwa nyuma ya mto.

Kwa hivyo ukiletewa homuwaki usiku, usitoe jibu tu. Uliza.

Stima zilirudi saa nne. Nikapiga kelele, "Zimerudi!" Mdogo wangu, bila hata kuinua kichwa: "Kwani zilikuwa zimeenda wapi?"