Susu la Berthe Morisot: Nyumba kama Uwanja wa Sanaa

Kumekuwa na mazoea miongoni mwa baadhi ya wahakiki ya kuigawa michoro ya Waimpreshonisti katika mafungu mawili: ile ya mito, stesheni za reli na mikahawa, ambayo huhesabiwa kuwa ndiyo iliyobeba mapinduzi ya sanaa, na ile ya wanawake na watoto majumbani, ambayo husifiwa kwa upole wake, kisha ikawekwa kando. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo ni wa makosa, na kwamba mchoro mmoja wa Berthe Morisot (1841–1895), uitwao Susu, unatosha kuubatilisha.

Mchoro huo wa rangi za mafuta ulichorwa mwaka 1872 na kuonyeshwa Paris mwaka 1874, katika maonyesho ya kwanza ya kundi hilo, ambamo Morisot alikuwa mchoraji pekee wa kike. Unamwonyesha mama aliyeketi kando ya susu, mkono shavuni, akimtazama mwanawe aliyelala. Mkono wa mtoto umekunjwa kuelekea kichwani, kama ulivyokunjwa ule wa mama; na kati ya mtoto na mtazamaji pana pazia la shashi ambalo mama amelishika kwa vidole.

Kwa mtazamo wa haraka, hii ni sifa ya umama tu. Hata hivyo, yafaa kuuliza mama huyo ni nani. Ni Edma, dada mkubwa wa Morisot, pamoja na bintiye Blanche. Edma naye alikuwa mchoraji. Ndugu hao wawili walifundishwa na Camille Corot, na kazi zao zilipokelewa katika maonyesho rasmi ya Salon mwaka 1864. Alipoolewa mwaka 1869, Edma aliachana na kazi hiyo. Basi mbele ya turubai alikuwapo ndugu aliyeshika brashi, na ndani yake yumo ndugu aliyeiweka chini.

Hapo ndipo lilipo fumbo. Kudai kwamba uso wa Edma una majuto tu ni kusoma zaidi ya kilichochorwa. Kudai kwamba una furaha tu ni kusoma pungufu. Mchoraji ameyaacha yote mawili yakae pamoja, kama yakaavyo maishani.

Huenda ikapingwa kwamba Morisot alichora nyumba kwa kukosa pa kwenda. Ni kweli kwamba mwanamke wa tabaka lake hakuweza kuketi peke yake mkahawani akichora, na kwamba chuo cha serikali cha sanaa, École des Beaux-Arts, hakikuwapokea wanawake hadi mwaka 1897, miaka miwili baada ya kifo chake. Lakini mipaka ya mahali si mipaka ya fikra. Ndani ya chumba kimoja, Morisot aliuliza swali zito: malezi humpa mwanamke nini, nayo humnyang'anya nini?

Mchoro huo haukupata mnunuzi mwaka 1874. Ulibaki katika familia hadi Louvre ilipoununua mwaka 1930, na sasa umo katika jumba la makumbusho la Orsay. Cheti cha kifo cha Morisot kilimtaja kuwa mtu asiye na kazi. Uhakiki unaoendelea kuiita michoro hiyo "ya nyumbani" na kuishia hapo, unakiandika cheti hicho upya.