Jeraha la akili kazini nalo lifidiwe

RIPOTI ya kitabibu iliyowasilishwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba jijini Nairobi mnamo Desemba 2024 ilistahili kumshtua kila mwajiri nchini. Ilionyesha kwamba zaidi ya watu 140 waliowahi kukagua maudhui ya mtandao wa Facebook walikuwa wakiugua kiwewe, wengi wao kwa kiwango kikali. Waliwachunguzwa na Dkt Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Kazi yao ilikuwa kutazama kwa saa nane hadi kumi kila siku picha na video za mauaji, za watu wakijitoa uhai na za watoto wakinajisiwa, ili sisi wengine tusikutane nazo. Hakuna aliyekatwa kidole na mashine. Hakuna aliyeanguka kutoka kwenye jengo. Hata hivyo, walitoka kazini wakiwa wagonjwa.

Hapa ndipo panapojitokeza pengo katika jinsi tunavyoelewa madhara ya kazi. Mwaka wa 2007, Bunge lilipitisha sheria mbili muhimu: ile ya Usalama na Afya Kazini, na ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Sheria hizo zilikuwa hatua kubwa kwa mfanyakazi wa kiwandani na shambani. Lakini orodha ya magonjwa ya kazi iliyoambatanishwa na sheria ya fidia ilijengwa juu ya vumbi, kemikali na kelele. Miaka mitatu baadaye, mnamo 2010, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilifanyia marekebisho orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi, na likayaingiza maradhi ya akili, kiwewe kikiwemo.

Mwenye mkono uliovunjika huonyesha picha ya eksirei, naye daktari akakadiria kiwango cha ulemavu. Aliyepoteza usingizi hana cha kuonyesha. Akilalamika huambiwa ni mvivu, au kwamba kazi imemshinda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Aidha, ni makosa kudhani kwamba akili na mwili huumia kila kimoja kivyake. Utafiti wa pamoja wa ILO na Shirika la Afya Duniani (WHO), uliotolewa mwaka wa 2021, ulikadiria kwamba watu 745,000 walifariki mnamo 2016 kutokana na kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa wiki. Saa nyingi humnyima mtu usingizi, humwongezea mfadhaiko na kupandisha shinikizo la damu.

Takwimu hizo zinatugusa. Amri ya jumla ya mishahara humu nchini inaruhusu hadi saa 52 za kawaida kwa wiki. Saa tatu tu za ziada zinamfikisha mfanyakazi kwenye kiwango hicho cha hatari. Bawabu anayekesha langoni kwa saa 12, usiku sita kwa wiki, hutimiza saa 72, kabla hata ya kuhesabu mwendo wa miguu wa kurejea nyumbani alfajiri.

Waajiri nao wana hoja zao. Meta, inayomiliki Facebook, imesema kwamba huzitaka kampuni inazozipa kandarasi kuwapa wakaguzi ushauri nasaha, mafunzo na huduma za matibabu. Ni jambo jema. Lakini ushauri nasaha hauondoi chanzo cha maradhi. Ikiwa mtu ataliwazwa kwa saa moja kisha arudishwe kwenye video zile zile, atapona lini? Isitoshe, mfanyakazi wa mkataba mfupi huogopa kumweleza siri zake mshauri anayelipwa na mwajiri.

Nchini Marekani, mnamo 2020, Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wakaguzi wa huko. Hapa kwetu, ilibidi wakaguzi wapiganie kwanza haki ya kusikizwa, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoamua Septemba 2024 kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya.

Haifai kila mgonjwa asubiri mahakama. Bunge linapaswa kuhakikisha kwamba maradhi ya akili yanayosababishwa na kazi yanatajwa waziwazi katika sheria ya fidia. Vyama vya wafanyakazi navyo viweke saa za mapumziko na matibabu ya akili katika mikataba ya pamoja, sambamba na mishahara. Kadhalika, kamati za usalama na afya, ambazo sheria inazitaka katika kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi, zisikague tu vizimamoto na milango ya dharura, bali pia zamu na saa za kazi.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira mwafaka ya kazi. Hakikubagua kati ya mwili na akili. Serikali inayowaalika wawekezaji waje kuajiri vijana wetu kwenye kompyuta ina wajibu wa kuuliza vijana hao watarudi nyumbani wakiwa katika hali gani.