BARUA YA BWANA SHAMBA: Kiboko Ana Njia Yake

Je, umewahi kuitembelea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere? Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2019. Zamani eneo hilo lilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Mto Rufiji hupita humo. Mto huo una viboko na mamba wengi.

Wageni hulipa kiingilio, hutembezwa mtoni na kulala katika mahema. Huongozwa na mtu anayeujua mto. Mambo wanayofundishwa yanatufaa hata sisi tunaoishi kando ya mito.

Kiboko hula majani, lakini huua watu. Mchana hukaa majini. Akishtuka hukimbilia maji ya kina. Kwa hiyo ukiwa katika mtumbwi, usikae kati yake na kina. Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili akusikie mapema.

Usiku kiboko hutoka kwenda malishoni. Kwa kawaida hupita njia zile zile. Usipige hema wala kujenga dungu katika njia hiyo.

Mamba naye hungoja ukingoni. Usioge wala kuosha vyombo pale. Chota maji kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu.

Nimeona wakulima wakilima mpunga katika njia ya kiboko, kisha wakalala humo kulinda shamba. Tusingoje msiba. Leo jioni kagua ukingo wa shamba lako. Ukiona nyayo za kiboko, hamisha dungu lako kabla ya giza.