Mpira Huru: Faini Pekee Haifungui Njia



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni kanuni moja ya mchezo wa snuka iitwayo kanuni ya mpira huru. Wengi wetu tumezoea meza za puli zilizoenea katika miji yetu. Snuka ni ndugu wa mchezo huo, ila meza yake ni kubwa zaidi, yapata futi 12 kwa 6, na sheria zake zina masharti mengi zaidi. Wanaoutazama mchezo huu katika runinga hufika mahali wakashangaa: mwamuzi anatamka maneno mawili, na mchezaji aliyekuwa na wajibu wa kupiga mpira mwekundu anaachiwa kupiga mpira wowote autakao. Je, hiyo ni haki, au ni upendeleo? Swali hilo ndilo nitakalojaribu kulijibu.

Tuanze na asili. Snuka ilizaliwa mwaka 1875 miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa Jabalpur, nchini India, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni ofisa kijana aliyeitwa Neville Chamberlain, ambaye si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu. Jina lenyewe lilikuwa neno la utani waliloitwa wanafunzi wageni wa chuo cha kijeshi. Leo neno hilo lina maana ya pili: kumwachia mpinzani mpira mweupe mahali ambapo njia yake ya kuufikia mpira anaopaswa kuupiga imezibwa na mpira mwingine.

Mezani kuna mipira myekundu 15, kila mmoja ukiwa na thamani ya pointi 1, na mipira sita ya rangi nyingine: njano pointi 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, waridi 6 na nyeusi 7. Mchezaji huingiza mfukoni mpira mwekundu, kisha mmoja wa rangi, kisha mwekundu tena, na kuendelea hivyo. Mpira wa rangi hurudishwa mezani maadamu ipo bado mipira myekundu. Myekundu ikiisha, ile sita huingizwa kwa kufuata thamani, kuanzia njano hadi nyeusi. Kwa hiyo wakati wote upo mpira ambao mchezaji ana wajibu wa kuugusa kwanza. Tuuite mpira wa zamu.

Asiyeugusa mpira wa zamu kwanza ametenda madhambi, kama wasemavyo watangazaji wetu wa michezo. Neno hilo limezaliwa na neno dhambi, lakini hapa halina uzito huo: mtu aweza kutenda madhambi mezani kwa nia njema kabisa, mkono ukiteleza tu. Adhabu yake ni pointi anazopewa mpinzani, zisizopungua 4 wala kuzidi 7.

Hapa ndipo tatizo huzaliwa. Tuseme mchezaji wa kwanza alitakiwa kugusa mpira mwekundu, akaukosa, na mpira mweupe ukaenda kusimama nyuma ya ule mweusi. Mpinzani wake amepata pointi 4, lakini anapoinama kutazama, haoni njia. Aliyekosa amemwachia kikwazo, na kikwazo hicho ni tunda la kosa lake. Kama sheria ingeishia kwenye zile pointi 4, mkosaji angekuwa amelipa faini ndogo na kununua faida kubwa.

Ndiyo maana mwamuzi huutangaza mpira huru. Kipimo chake ni hiki: baada ya madhambi, kama hakuna mpira wa zamu hata mmoja ambao mpira mweupe waweza kuufikia kwa mstari ulionyooka katika kingo zake zote mbili, wa kulia na wa kushoto, bila kuzuiwa na mpira usio wa zamu, basi njia imezibwa. Haitoshi kwamba nusu ya mpira yaonekana. Mchezaji aliyekosewa huutaja mpira wowote, nao huchukua nafasi ya mpira wa zamu. Akiuingiza ule wa bluu badala ya mwekundu, hapati pointi 5 bali pointi 1, kwa kuwa umesimama mahali pa mwekundu. Mpira wa bluu hurudishwa mezani, naye huendelea na mpira wa rangi kama kawaida. Kama zamu ilikuwa ya njano, mpira huru huwa na thamani ya 2, na baada yake njano yenyewe yangali ikimngoja. Aidha, mchezaji ana hiari ya kuikataa nafasi hiyo na kumtaka aliyekosa apige tena kutoka palepale. Yule aliyekosa hapewi mpira huru. Apambane na kikwazo alichokiumba mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba kanuni hii inatoa mno. Hoja yao si nyepesi. Tumfikirie mchezaji aliyeachwa nyuma kwa pointi 32, ilhali mezani imebaki ile mipira sita ya rangi tu, ambayo jumla yake ni pointi 27. Kwa hesabu ya kawaida ameshindwa. Mpinzani wake akitenda madhambi ya pointi 4, tofauti inakuwa 28, na bado zile 27 hazitoshi. Lakini akipata pia mpira huru, anaongeza 2 juu ya 27, zinakuwa 29, naye anashinda kwa pointi moja. Mkono uliteleza mara moja, na ushindi umehama. Tena, mwaka 2004, katika michezo ya kufuzu ya mashindano ya Uingereza, Jamie Burnett wa Scotland alifikisha pointi 148 katika mfululizo mmoja, ya kwanza ya aina hiyo katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa, ilhali kilele cha kawaida ni 147. Pointi ile ya ziada haikuwezekana ila kwa mpira huru. Kinadharia mtu aweza kufika hata 155. Je, kosa la mmoja linapaswa kumpandisha mwingine juu ya kilele?

Kwa maoni yangu, kanuni hii ni ya haki, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, inatofautisha ugumu na dhuluma. Mchezaji akiuficha mpira mweupe nyuma ya mwingine kwa pigo halali, mpinzani hapewi kitu. Huo ni ustadi, naye atafute njia kwa kuugonga mpira kwenye ukingo wa meza. Kikwazo kilekile, mahali palepale, kikitokana na madhambi, kinaondolewa. Sheria haiulizi njia ni ngumu kiasi gani. Inauliza ugumu umetoka wapi. Wala haiulizi nia ya mkosaji, kwa sababu aliyezibiwa njia amezibiwa, iwe kwa makusudi au kwa bahati mbaya.

Pili, fidia yake ina kipimo. Aliyekosewa anaweza kuuchagua mpira mweusi wenye pointi 7, lakini ukisimama badala ya mwekundu utampa pointi 1 tu. Wala haruhusiwi kuuchukua mpira mweupe na kuuweka apendapo, kama zinavyoruhusu baadhi ya kanuni za puli. Anaupiga pale ulipo. Anarudishiwa nafasi aliyonyang'anywa, na kazi ya kuitumia inabaki kuwa yake. Akikosa shabaha, amekosa.

Tatu, nayo ndiyo inayonigusa zaidi, kanuni hii inamwekea mipaka hata aliyekosewa. Haruhusiwi kuutumia mpira huru kama ukuta, yaani kuuacha mpira mweupe umejificha nyuma ya mpira huo ili kumzibia mpinzani. Akifanya hivyo, naye ametenda madhambi, isipokuwa kama mezani imebaki waridi na nyeusi tu. Aliyefunguliwa njia hawezi kukitumia kilekile alichofunguliwa nacho kumfungia mwenzake.

Sasa tutazame maisha yetu. Jirani mmoja amejenga ukuta akaiziba njia ambayo familia nyingine hupita kwenda kisimani. Wazee wanaketi, wanasikiliza pande zote, wanamtoza faini ya mbuzi au ya fedha. Watu wanashikana mikono na kutawanyika, wakisema shauri limekwisha. Lakini ukuta bado umesimama, na yule mama bado anazunguka mbali na ndoo yake kichwani. Je, shauri limekwisha kweli? Mwenye kovu usidhani kapoa. Faini imemgusa mkosaji, ila haijamfikia aliyekosewa pale alipoumizwa. Mara ngapi tunasuluhisha hivi katika ndoa, katika mirathi, katika vyama vyetu vya kuweka na kukopa? Tunapenda kuhesabu pointi 4 na kusahau kuinama ili tutazame kama njia iko wazi.

Na upande wa pili pia upo. Yuko aliyedhulumiwa kweli, akarudishiwa haki yake, kisha akaigeuza haki hiyo kuwa silaha: kila kikao anakumbusha kosa la jirani, kila ombi analikataa kwa kisingizio cha lile alilotendewa zamani. Ukuta umebomolewa, lakini kwa matofali yaleyale anajenga wake. Mwamuzi wa snuka angemwita mkosaji, bila kujali historia yake ya kuonewa.

Basi nawaomba, ndugu zangu, mtakapoitwa kusuluhisha jambo juma hili, nyumbani au kazini, msiridhike na kuuliza nani amekosa na alipe nini. Ulizeni pia: aliyekosewa, akisimama pale alipoachwa, anaiona njia? Kama haioni, kazi yenu haijakwisha. Na kama anaiona, mwacheni apige mwenyewe.

Nawatakia juma jema.