"Koko Tu"

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, chini ya mwembe ambao kivuli chake kilikuwa ndicho zahanati ya asubuhi ile, nilimwona mtoto wa kiume apataye miaka kumi akimshika mbwa wake kwa kamba ya katani, akingojea zamu yake kwa subira ambayo watu wazima waliokuwa nyuma yake hawakuwa nayo, na karani alipomwuliza mbwa huyo ni wa aina gani, mtoto aliinamisha kichwa akajibu, "Koko tu." Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya hudhurungi, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, macho maangavu, na ngozi isiyo na kupe hata mmoja, dalili yakini kwamba mikono midogo ile ilimhudumia kila siku. Neno koko halikunishangaza, kwa kuwa nimelisikia tangu utotoni. Lililonichoma ni lile "tu" lililolifuata.

Lugha yetu si maskini mintarafu ya mbwa. Mtoto wake ana jina lake, kilebu. Wafugaji husema jike yuko kwenye joto, husema amepandishwa, huhesabu siku zipatazo 63 za mimba yake, na hujua kwamba vilebu wa uzao mmoja hawafai kutenganishwa na mama yao kabla hawajaacha ziwa. Dume asiyetakiwa kuzaa huhasiwa, neno lile lile litumikalo kwa ng'ombe na mbuzi. Wahenga nao walimtazama mnyama huyu kwa makini, wakasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, wakimpa sehemu ya sifa ya bwana wake, na wakasema mbwa hafi maji akiona ufuko, wakimsifu kwa ustahimilivu. Haya ni maneno ya watu waliomjua mbwa kazini. Lakini fauka ya msamiati huu wa kazi umeota msamiati mwingine wa dharau, na aghalabu ndio unaotangulia kinywani: mbwa mshenzi, mbwa koko, na jina lenyewe la mbwa likirushiwa mtu kama jiwe.

Najua wako watakaonikumbusha hukumu ya dini, na kwa staha nawajibu. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Ila dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo na mazao. Suratul Maida imehalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa. Suratul Kahf imemtaja mbwa pamoja na vijana wa pangoni. Na katika hadithi za Mtume imo habari ya mtu aliyesamehewa kwa sababu alishuka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Unajisi ni hukumu ya chombo na nguo. Haukuwa kamwe ruhusa ya kumdhulumu kiumbe. Babu yangu, aliyekuwa hakosi swala hata moja, alifuga mbwa wawili wa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe mwitu na ngedere, akawajengea kibanda mbali na nyumba, akawawekea chungu chao cha chakula, wala sikumsikia hata mara moja akiwaita kwa neno la kuwavunjia thamani.

Sasa na tulitazame neno mshenzi, kwa kuwa lina safari ya ajabu. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wa wasasi, wadogo, wa masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine bali hutoa sauti ya kupanda na kushuka, hata wenyewe huwafunga shingoni kengele za mti wapate kujua walipo msituni. Wazungu waliowaona wakawachukua. Mwaka 1895 walionyeshwa Uingereza katika maonyesho ya Crufts, lakini hawakuishi, maradhi ya mbwa wa huko yakawamaliza. Wakapelekwa wengine katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 wakaonyeshwa tena, watu wakajaa kuwatazama. Leo mbwa hao wana daftari la nasaba, hati za kuzaliwa, na bei ambayo mkulima wa kwetu hawezi kuitaja bila kustaajabu. Na jina waliloandikiwa katika hati hizo ni basenji, ambalo katika Kilingala ni watu wa mashambani, wasiostaarabika, neno lililo ndugu wa neno letu washenzi. Tusi letu limekuwa ukoo wa fahari ng'ambo, ilhali hapa kwetu limebaki tusi.

Wala kisa hakikuishia hapo. Kwa kuwa basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno, na wakawa wakipandishwa wenyewe kwa wenyewe kizazi hata kizazi kwa ajili ya kuhifadhi kile kiitwacho usafi wa damu, maradhi ya kurithi yakaenea miongoni mwao, hasa ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Basi katika mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani wakafunga safari hadi Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wasio na hati yoyote, na mwaka 1990 daftari la nasaba la Marekani likafunguliwa ili mbwa hao wa vijijini waandikwe. Waliokuwa na nasaba walikwenda kuomba uzima kwa wasio na nasaba. Kila ninapowasikia vijana wa mjini wakitangaza kilebu "safi" wa Kijerumani na kumcheka mwenye mbwa wa kwao, hukumbuka safari ile.

Jambo jingine hunitatiza. Tukienda sokoni, kuku wa kienyeji ndiye ghali. Mnunuzi humpapasa, humsifu nyama na mchuzi wake, na yule wa kisasa huachiwa mwenye haraka. Mbona neno kienyeji likiwekwa kwa kuku huongeza bei, na mbwa wa kienyeji, aliyezoea jua letu, makombo ya ugali na dagaa, na maradhi ya nchi yetu, huitwa koko?

Na koko, kwa asili yake, ni kichaka: mbwa wa koko ni mbwa wa porini, asiye na mwenyewe. Hapo ndipo neno linapoacha kuwa dharau tu likawa hatari, maana mbwa wengi wanaozurura katika vijiji vyetu wana wenyewe. Wanalala mlangoni pa mtu, wanalishwa na mtu, wanaitikia wakiitwa. Anayewahesabu wote kuwa makoko hana jambo la kufanya ila kuwawekea sumu au kuwapiga risasi, na hivyo ndivyo ilivyofanywa mara nyingi pindi kichaa cha mbwa kilipozuka. Lakini maradhi haya, ambayo yakishadhihiri kwa mtu karibu hayana tiba, na ambayo katika watu 100 wanaokufa kwayo 99 huyapata kwa mbwa, hayakomeshwi kwa bunduki. Hukomeshwa kwa kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70, mwaka baada ya mwaka, na hao hawaletwi na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe anayewajua. Pemba imetupa ushahidi: kwa chanjo ya mbwa kisiwa kile kiliepukana na maradhi, yaliporudi mwaka 2016 chanjo ikazidishwa, na kufikia mwishoni mwa 2018 yakawa yameondoka. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kinga yake ya kwanza ilikuwa mtoto wa jirani mwenye kamba ya katani.

Kwa hiyo nawaomba mabwana mifugo na makarani wao, maadamu kalamu zao ndizo zinazoandika daftari za chanjo katika vijiji na mitaa, jambo lisilogharimu senti. Mtoto akisema "koko tu", wasimwandikie hivyo. Waandike mbwa wa kienyeji, dume, hudhurungi, umri wake na tarehe ya chanjo; na safu ya jina la mwenyewe wasiiache tupu, hata kama mwenyewe hajafikisha miaka kumi.