Askari hapimwi miguu pekee

Kila msimu wa kusajili makurutu, vijana wetu hujipanga uwanjani wakakimbizwa, wakapimwa kimo, wakakaguliwa hata meno. Walimu waliowafunza juzi wanafahamu kwamba mbio hazifichui hasira ya mtu wala subira yake. Hata hivyo, hapo ndipo safari ya Kiganjo inapoanzia.

Yanayofuata ni machungu zaidi. Mnamo Novemba 2012, zaidi ya askari 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Wengi wao walikuwa wametoka mafunzoni karibuni. Na anayenusurika vita vya aina hiyo hurejea wapi? Kambi zetu zimejulikana kwa nyumba moja kugawanywa kwa pazia baina ya familia mbili.

Jopo la Jaji Philip Ransley lilitoa ripoti mwaka 2009. La Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likakabidhi yake Novemba 2023. Yote mawili yalizungumzia maslahi ya askari. Basi kabla ya kuundwa jopo jingine, kila kituo kipelekewe mshauri nasaha, ambaye askari atamwendea bila kuhofia cheo chake.